Mti Mzee na Kitawi Chake

Mti ukioza shina, na kitawi chake kikaishi juu ya mzizi mgeni, je, tuseme mti ule umekufa, ama u mzima? Wengine watajibu: hayo ni maneno ya watu wa bustani. Sivyo. Yanatuhusu sisi sote wenye wazee nyumbani.

Katika mji mdogo wa Southwell, Uingereza, msichana Mary Ann Brailsford alipanda mbegu za tufaha mwaka 1809. Mti mmoja ukazaa matunda makubwa, makali, mazuri kwa kupikwa. Yeye aliolewa, akaondoka. Mwaka 1846 nyumba ile ikanunuliwa na Matthew Bramley, mwuza nyama. Mwaka 1856 kijana Henry Merryweather akamwomba vitawi vya kupandikiza. Akakubali kwa sharti moja: tunda liitwe kwa jina lake. Hata leo laitwa Bramley. Mwaka 1900 dhoruba iliuangusha mti wenyewe. Ukachipua tena pale ulipolala. Baadaye kuvu ikaishika mizizi yake, ugonjwa usio na dawa. Lakini watoto wake wamejaa mashambani.

Kwa nini hawakupanda mbegu tu? Kwa sababu mbegu ya tufaha haimfuati mamaye. Itazaa tunda jingine. Atakaye tunda lile lile hana budi kukata kitawi, kukichonga mshazari, kukiunga na shina changa, ganda la ndani kwa ganda la ndani, na kukifunga hata vishikane. Tena kitawi kiwe kimeota mwaka uliopita. Kwa hiyo mti mzee uliochoka hupunguzwa matawi kwanza, upate kutoa machipukizi mapya, ndipo wakate. Asiyeutunza hapati kitu.

Hapa naungama kosa langu. Kijijini kwetu mzee mmoja alijua mipaka ya mashamba yote, na nani alimpa nani. Nilisema: nitamwendea wakati wa kiangazi, niandike. Kiangazi kilipofika, tulikuwa tumekwisha kumzika. Leo ndugu wawili wanagombea mpaka mmoja, wala hakuna shahidi wa kuwaamua.

Basi jibu langu ni hili. Shina likifa, limekufa kweli, tusijidanganye. Kupandikiza hakumponyi mzee, huponya kile alichokibeba. Wakosaji ni wawili: anayekumbatia kisiki na kukataa mzizi mpya, na anayesema "ni kuni tu". Wa kwanza hupoteza tunda kwa kuupenda mti vibaya, wa pili kwa kuudharau.

Na jina je? Mary Ann alipanda, Bramley akaitwa. Anayepanda asingoje sifa. Lakini anayekula ana deni la kutaja aliyepanda.

Ndugu msomaji, kwenu ni mzee gani ambaye hajaulizwa bado? Usingoje kiangazi.