Watakuja Kukuzika?

Katika daftari la rambirambi la msiba mmoja hapa Tinde, Shinyanga, kuna mstari unaosomeka "Wengineo – 240,000". Umeandikwa kwa peni ya bluu, chini kabisa ya ukurasa, baada ya majirani waliotoa elfu mbili mbili na madebe ya mahindi, kila mmoja na jina lake, kitongoji chake na kiasi chake. Hao "wengineo" ni watu kumi na mmoja wenye majina kamili. Ni marafiki wa binti wa marehemu, fundi cherehani anayeshonea karibu na stendi. Aliwapata katika kundi la WhatsApp la mafundi wa nguo: wapo wa Mbeya, wapo wa Tanga, mmoja anafanya kazi za ndani Muscat. Hajawahi kuonana na hata mmoja wao. Walichangishana, wakatuma kwa simu, naye akayanakili majina yao kwenye karatasi na kuyapeleka kwa kamati. Siku ya kuanua matanga yalisomwa majina yote isipokuwa hayo. Katibu alisema safu ya kitongoji haiwezi kuachwa wazi. Binti alipouliza, kwa adabu zote, mzee mmoja wa kamati alimjibu mbele ya watu: "Mwanangu, hao ni watu wa kwenye simu. Siku ukifa, watakuja kukuzika?" Vichwa vikatikiswa kukubali. Pesa ilikuwa imeshapokelewa.

Swali hilo limenikaa kooni tangu siku ile, na ndilo lililonikalisha kuandika.

Maana ya urafiki haina haja ya kutuchelewesha. Aristotle aliugawa mara tatu: wa manufaa, wa raha, na ule wa kumtakia mtu mema kwa ajili yake mwenyewe. Wahenga wetu walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Nayachukua yote mawili, na kwa lolote kati ya hayo wale kumi na mmoja wamefaulu.

Najua pia kwamba tapeli anayetuma "ile hela tuma kwenye namba hii" anaishi kwenye mtandao huohuo, na kwamba wapo mabinti walioitwa mjini na "rafiki" wakakuta mtego. Anayeonya hivyo ana haki ya kusikilizwa. Anayesema bando linakula mtaji wa kijana, naye hajakosea. Lakini hoja ya kaburi sikubaliani nayo hata kidogo, hasa kwa kuwa inatamkwa kana kwamba imemaliza mjadala.

Tuanze na huyo anayezika. Jirani wa Tinde anaamka alfajiri, anabeba jembe, anachimba. Ni jambo kubwa, na bila utaratibu huo maskini wengi wangekosa wa kuwafukia. Lakini kutofika nako kuna gharama yake. Vijijini kwetu asiyefika msibani hutozwa faini, akizoea hutengwa, na siku yake ikifika anajua nani hatakuja. Mtu anaweza kuchimba kaburi la aliyemchukia miaka ishirini, na hakuna atakayeshangaa. Jembe lile linathibitisha kwamba ujirani uko hai. Habari za urafiki haliwezi kutupa, kwa sababu rafiki na adui wamesimama kwenye udongo uleule kwa sababu ileile. Tukitaka kujua nani alimpenda marehemu, inabidi tumtafute aliyefanya jambo ambalo hakuna ambaye angemdai. Watu wa Mbeya na Tanga hakuna ambaye angewatoza faini.

Kisha anayeutukuza ukaribu hapa Shinyanga aseme pia ukaribu huo umefanya nini. Bibi zetu wenye macho mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe, waliuawa kwa mapanga kwa kuitwa wachawi. Uvumi ule hauanzii Muscat. Unaanzia kisimani na kilabuni, kwa watu wanaojua bibi analala nyumba ipi na mjukuu wake amesafiri lini. Wala si bibi peke yao: Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua kijana mwenye ualbino wa Bukombe. Watoto wengine wenye ualbino walitolewa makwao wakahifadhiwa Buhangija, mjini Shinyanga, ndani ya uzio, kwa kuwa kijiji hakikuweza kuwahakikishia uhai. Mmoja wa watoto hao akikua, akapata kwenye simu mwenzake wa Ukerewe anayejua jua linavyochoma ngozi ile na macho ya watu yanavyomfuata, nani atamwambia kwamba rafiki wa kweli ni yule wa karibu?

Nasema haya nikiishi njia panda. Mabasi ya Mwanza yanapita hapa, malori ya Rwanda na Burundi yanakata kona kuelekea Isaka na Kahama, na vijana wetu wanayakimbilia na maji na karanga. Wanaona nyuso nyingi mno kwa siku moja, umbali wa mkono tu. Hakuna urafiki unaozaliwa kwa hilo peke yake.

Na vijana haohao wakienda machimboni, Lwamgasa au Nyarugusu, wanaishi kwa majina ya utani. Anayeshika kamba juu ya duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, wakati mwenzake anashuka huenda hajui hata jina alilopewa na baba yake. Kitongoji hakiulizwi. Wachimbaji wadogo walipoondolewa Bulyanhulu, Agosti 1996, waliokuwa wamekabidhiana uhai kwa kamba ile walitawanyika huku na huko bila namba ya simu, na wengi wakapotezana. Je, hawakuwa marafiki kwa sababu hawakuzikana?

Lakini kinachoniuma zaidi ni kadi za salamu. Wazee wa kamati ile ni wa kizazi cha Radio Tanzania Dar es Salaam, na ninawakumbuka wakiwa vijana wenye redio ya mkulima begani. Walinunua kadi, wakajaza kwa mwandiko wa kujitahidi majina ya watu wa Kigoma, Lindi na Musoma, wakaziweka posta, kisha wakasubiri kwa wiki kadhaa mtangazaji azisome. Kila mtuma salamu alikuwa na jina lake la hewani, na lilijulikana nchi nzima. Mtu akinyamaza muda mrefu, wengine walituma kadi kumuulizia hali. Vilizaliwa vyama vya watuma salamu, watu wakapanda treni kwenda kuonana, wakaalikana harusi. Nilipenda sana saa ile ya jioni, jina la Tinde likitamkwa baada ya jina la mji ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuufikia, na mwenye jina akiinua kichwa kana kwamba ameguswa bega. Hakuna aliyewaambia kwamba ule ni urafiki wa kwenye redio. Mtangazaji alisoma kila jina, hata la asiyemjua, kwa kuwa kusomwa ndiko kulikokuwa heshima yenyewe. Waliolelewa na heshima hiyo ndio walioifuta kwa neno "wengineo".

Hata hivyo lipo fundo ambalo sijaweza kulifungua. Nimeusifu urafiki huu kwa kuwa haudaiwi. Basi kinachotolewa bila kudaiwa kinaweza pia kuondolewa bila kudaiwa. Jirani siwezi kumfuta. Tukigombana leo, kesho tutakutana bombani, na faini itatuleta kaburi moja. Rafiki wa simu anaweza kunizuia kwa kidole kimoja na asiwajibike kwa yeyote. Kuna siku naona uhuru huo ndio unaoupa mchango wa wale kumi na mmoja uzito wake, kwani wangeweza kunyamaza. Kuna siku naona binadamu anahitaji pia watu wasioweza kumwacha, wapende wasipende.

Nilimpelekea binti yule fundo hili. Alisema mwezi uleule wa msiba mafundi wawili walitoka kwenye kundi bila kuaga, na hakuna aliyewauliza kulikoni, hata yeye. Nikamuuliza kwa nini. Akasema hakuona kama ana haki ya kuuliza, na kwamba majirani wangeuliza siku hiyohiyo.