Mas'ala ya Maji Yapitayo Katika Bomba la Risasi, na Jawabu Lake

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha maji kutoka mbinguni akayafanya uhai wa viumbe. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Imetufikia barua kutoka Marekani kwa mmoja katika wanafunzi wetu wa zamani, aliyehitimu Kurani chuoni kwetu kisha akasoma Safina na Abi Shujaa mbele yetu. Sasa anakaa katika mji mmoja wa kule pamoja na mke wake na mtoto wa miezi saba. Nyumba amepanga, na mwenye nyumba ni Mwislamu, huswali naye safu moja. Idara ya maji ya mji imewaandikia kwamba bomba liletalo maji kutoka njiani mpaka nyumbani ni la risasi, nayo yataka kulichimbua na kutia la shaba, bila ya mwenye nyumba kutoa senti. Mwenye nyumba amekataa. Asema wazee waliyanywa maji hayo tangu nyumba ilipojengwa wala hawakufa. Tena wachimbaji watamvunjia ngazi aliyoitia saruji juzi. Na zaidi ya hayo mtu yuna amri juu ya milki yake. Akishikiliwa sana husema: basi na kibadilishwe kipande kilicho chini ya njia, changu kiachwe kama kilivyo.

Mwanafunzi wetu auliza mambo mawili. Udhu autiao kwa maji hayo ni sahihi? Na hayo asemayo mwenye nyumba, yana uzito gani katika sheria? Tumeona tuijibu kwa kijitabu, kwani wengi wetu tuna watoto na jamaa katika miji hiyo, na hapa pwani pia wapangishaji hawakosekani katika safu zetu.

Ama udhu, ni sahihi, wala asiwe na wasiwasi. Maji hutoka katika hukumu ya utohara yanapobadilika sana tamu yake, au rangi yake, au harufu yake, kwa kuchanganyika na kitu yawezacho kukiepuka. Risasi iliyoyeyuka katika maji haina tamu wala rangi wala harufu. Na lau yangebadilika, fukaha wa Shafi wamesamehe mabadiliko yatokanayo na mahali maji yakaapo na mahali yapitapo, na bomba ni mapito ya maji. Kuoga pia hakuna neno, na matabibu wasema kwamba risasi ya maji haipenyi ngozini kwa kiasi cha kudhuru. Asukutue na ateme.

Walakini usahihi wa udhu ni jambo moja, na uhalali wa kunywa ni jambo jingine, na hapa ndipo wengi wachanganyapo. Mwanafunzi wetu atakumbuka mlango wa kwanza wa Abi Shujaa, maji yaliyopashwa moto na jua: ni tohara na yatoharisha, na juu ya hayo ni makuruhu. Waliosherehesha waliweka sharti kwamba makuruhu hayo ni katika vyombo vya madini yafuliwayo kwa nyundo, katika nchi za joto, kwa kuwa walikhofia kitu kitokacho katika madini kikaingia mwilini. Imamu Shafi mwenyewe hakuyachukia illa kwa upande wa utabibu. Imamu Nawawi akaja akaona dalili ya dhara hiyo haikuthubutu, akaelekea kuyaondolea makuruhu. Tazameni adabu ya watu hawa. Waliuliza: je, chombo chadhuru? Wakafuata walichokiona kuwa kimethubutu. Na dhara ya risasi leo imethubutu pasi na shaka.

Wala haikuanza kujulikana jana. Mrumi Vitruvius, aliyeandika khabari za ujenzi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, alikwisha sema kwamba maji ya mabomba ya udongo yana afya kuliko ya risasi, akatoa ushahidi wa nyuso za mafundi wa risasi zilivyokosa damu. Watu wakaendelea kuitumia kwa sababu ni laini, yapindika, na yadumu ardhini miaka mingi. Watu wa Mombasa nao waijua: wakaaji wa Owino Uhuru walikuwa jirani na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliwahukumia fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Matabibu hawajapata kiasi cha risasi ambacho mtoto atakiingiza mwilini akasalimika. Kwa mtu mzima yapandisha shindikizo la damu na kudhuru figo. Kwa mtoto yaingia katika ubongo ungali ukijengeka, ikapunguza fahamu na utulivu, na kilichopotea hakirudi. Khatari zaidi ni kwa mtoto mchanga anyweshwaye maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji ya bomba, kwani chakula chake chote ni maji hayo. Mimi nimesomesha watoto zaidi ya miaka 30. Nimepata kumtia fimbo mtoto kwa kutoshika alifu na be, nami sikujua alikula nini wala alikunywa nini kwao. Mwenyezi Mungu atusamehe.

Basi asemaye kwamba wazee walikunywa wasife, ajue kwamba dhara hii haiui kwa siku moja wala haijionyeshi usoni. Tena maji ya jana huenda yasiwe ya leo. Ndani ya bomba kuukuu hufanyika gamba lizuialo maji yasiguse risasi, na maji yakibadilika tabia, gamba huyeyuka.

Ndivyo ilivyokuwa Newark, mji wa jimbo la New Jersey wenye watu zaidi ya 300,000, na Waislamu humo si haba. Mwaka 2017 vipimo vilionyesha risasi kupita mpaka uliowekwa na serikali, kwani dawa iliyokuwa ikitiwa majini kulilinda gamba ilikuwa imeacha kufaa. Watu wakagawiwa machujio. Agosti 2019 nyumba 3 zikapimwa, na katika 2 risasi ikaonekana kupita ijapokuwa chujio lipo. Mji ukaanza kugawa maji ya chupa, watu wakasimama safu juani kuyapokea. Kazi ya kuyatoa mabomba ilikuwa imekwisha anza mwaka huo, lakini ilikadiriwa kuchukua miaka 8 au zaidi, na wenye nyumba wakitakiwa kutoa hadi dola 1,000. Wilaya ikachukua mkopo wa dola milioni 120, malipo yakaondolewa. Likabaki zito kuliko fedha: wengi wa watu wa Newark ni wapangaji, na wenye nyumba wengine hawakujulikana walipo. Baraza la mji likapitisha sheria mwaka 2019, kwamba mafundi wataingia na kubadilisha hatta pasipo idhini ya mwenye nyumba. Ilipofika 2022 mabomba zaidi ya 23,000 yalikuwa yametolewa.

Hatusemi kwamba palikuwa hapana khiana. Mwaka 2024 wakubwa wa kampuni moja ya wachimbaji walishtakiwa, wakidaiwa kuacha baadhi ya mabomba ya risasi ardhini na kuandikisha kwamba yametolewa. Kwa hiyo mwanafunzi wetu, bomba lake likibadilishwa, na asimame alitazame kwa macho yake.

Turudi kwa hoja ya milki, maana ndiyo yenye nguvu, na haifai kuidharau. Ni kweli katika madhehebu yetu mtu huitumia milki yake kama ilivyo ada, hatta jirani akiona taabu. Ni kweli pia kwamba mwenye nyumba asipotengeneza nyumba yake, hukumu mashuhuri ni kwamba mpangaji yuna khiari ya kuvunja ijara na kuhama, si kumlazimisha. Walakini hoja hii haimfikishi mwenzetu atakako. Hakuambiwa atengeneze kwa mali yake. Ameambiwa asiwazuie watengenezao. Naye amekwisha uza manfaa ya nyumba kwa kodi, na katika manfaa hayo ni maji ya kunywa. Hawezi kupokea kodi kila mwezi kisha akawa ndiye kizuizi cha manfaa aliyoyauza. Hadithi ya 32 katika Arbaini ya Imamu Nawawi, waihifadhiyo watoto wetu, yakataza mtu kumdhuru mwenzake, na juu yake fukaha wakajenga kanuni ya kuondoshwa madhara. Na Imamu Ghazali alipotaja mambo matano yaliyokuja sheria kuyahifadhi, alitaja dini, na nafsi, na akili, na kizazi, na mali. Mwenzetu ashikilia ngazi ya saruji, nayo ni mali. Mbele yake ni akili ya mtoto. Ngazi ikivunjwa hujengwa.

Ama mtawala kuingilia kati kwa ajili ya dhara ya umma, yajuzu, na sheria kama ile ya Newark ingekuwa sawa kwetu. Lakini mji wa mwanafunzi wetu haujaweka sheria kama hiyo, kwa hiyo asiwafungulie wachimbaji kwa siri. Hiyo ni milki ya mtu, na khiana haitengenezi.

Na ile suluhu ya nusu bomba, asiikubali kabisa. Kulikata bomba la risasi katikati hulitikisa, na vipande vya gamba huanguka majini, ikawa risasi kwa muda ni nyingi kuliko kwanza. Ama litolewe lote, au lisiguswe mpaka litolewe lote.

Muda huu wa kungojea, maji ya kunywa na kupikia, na khasa ya maziwa ya mtoto, yawe ya chupa au ya chujio lililothibitishwa kuondoa risasi, na chujio libadilishwe kwa wakati wake. Asitegemee kuyachemsha: mvuke huondoka, na risasi hubaki katika maji machache zaidi. Maji yaliyolala bombani usiku kucha ndiyo mabaya mno. Ayaache yamwagike asubuhi, ayatie udhu akitaka. Na mtoto apimwe damu wiki hii, asingoje jawabu la mtu.

Kisha aende kwa mwenye nyumba baada ya swala ya Ijumaa, pamoja na imamu wa msikiti wao, amsomee haya kwa upole. Akikataa tena, khiari ya kuhama ni yake, na kodi ya siku zilizosalia hailazimu. Tumempelekea mwanafunzi wetu nakala mbili za kijitabu hiki, moja ni yake, na ya pili ampe bwana huyo mkononi.

Wallahu aalam.