Somo la 7: Kutaka na Kutenda

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Danieli 1:8–16, 1 Wafalme 19:1–8, 1 Wakorintho 6:19, 20, Warumi 7:15–25, Wafilipi 2:12, 13.

Fungu la kukariri: Wafilipi 2:13. (Kila mshiriki alifungue katika Biblia yake, na darasa lilisome kwa pamoja.)

Ni vigumu kumpata Mwadventista wa Sabato asiyejua kwamba afya ni sehemu ya ujumbe wa kanisa lake. Mwezi Juni 1863, huko Otsego, Michigan, Ellen G. White alipewa njozi kuhusu kuutunza mwili, na tangu hapo fundisho hilo halijaachwa. Wamisionari waliofika milima ya Upare mwaka 1903 walikuja nalo. Leo, katika makanisa ya Migato, hata Watafuta Njia wanaweza kuyataja yote bila kusita: chakula bora, mazoezi, maji, mwanga wa jua, kiasi, hewa safi, pumziko na kumtumaini Mungu.

Kwa hiyo tatizo si kutojua. Idara ya Afya na Kiasi ikiendesha semina, watu hujaa, hupimwa presha, huandika kwenye madaftari. Kisha mchana huo huo, kwenye chakula cha pamoja, sahani zilezile hujazwa wali wa mafuta na nyama, soda juu yake, na anayechukua kidogo huulizwa kama amenuna. Swali la juma hili ni hili: mtu anayejua la kufanya, na ambaye hata ameambiwa na mganga, anaipata wapi hamu ya kulifanya?

JUMAPILI: Danieli Alinenepa

Soma Danieli 1:8–16. Mkuu wa matowashi aliogopa nini? Danieli naye alihofia nini?

Kila mara fungu hili linapotumika kufundisha kupunguza uzito, mshiriki mmoja mwenye Biblia mkononi huinua mkono na kusema, “Lakini mwalimu, mstari wa 15 unasema walinenepa!” Mshiriki huyo amesoma vizuri, na asinyamazishwe. Biblia ya Kiswahili inasema kwamba baada ya siku kumi za mtama na maji, miili ya vijana wale wanne ilikuwa imenenepa kuliko ya wenzao waliokula chakula cha mfalme.

Wafugaji wa Usukumani wana nafasi nzuri ya kulielewa jambo hili kuliko wasomaji wengi. Maneno ya Kiebrania yaliyotumika hapo ndiyo yaliyotumika katika Mwanzo 41:2 kuwaeleza ng'ombe saba wanono wa ndoto ya Farao. Ng'ombe aliyenona si ng'ombe mgonjwa. Manyoya yake yanang'aa, anatembea umbali mrefu kwenda malishoni na kurudi, na mnadani hakuna anayebishana sana juu yake. Katika Kiebrania cha leo neno hilohilo lina maana ya mtu mwenye afya. Habari ya Danieli 1 si ya kilo, iwe kuongezeka au kupungua. Ni habari ya afya iliyoonekana.

Lakini tazama jambo lingine. Katika jambo hili ikulu ya Babeli ilipima kwa sura. Mkuu wa matowashi aliogopa mfalme asije akaziona nyuso za vijana hawa zimekunjamana kuliko za wenzao. Danieli hakuanza hapo. Mstari wa 8 unaonyesha kwamba aliazimu moyoni kabla sahani haijafika mezani, na sababu yake ilikuwa kwamba yeye ni wa Mungu na hataki kujitia unajisi. Nyuso nzuri zilikuja baadaye, kama nyongeza. Anayeanza kuitunza afya yake ili watu wamsifu sura anatumia kipimo cha ikulu, na kipimo hicho hubadilika kufuatana na anayetazama.

JUMATATU: “Mbona Umekwisha?”

Soma 1 Wakorintho 6:19, 20. Kwa kuwa mwili una mwenyewe, ni nani mwenye haki ya kuutolea hukumu?

Tumchukue mama mmoja mwenye duka kando ya barabara ya Migato, miaka 47, mshiriki mwaminifu, mwimbaji wa kwaya. Zahanati ilimpima presha ikasoma 160 kwa 100. Mganga akamwambia apunguze uzito, chumvi na mafuta. Akaanza kweli. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa barabarani anatembea kabla ya kufungua duka. Usiku alikula nusu ya ugali aliouzoea. Juma la tatu gauni lake la ibada likaanza kumpwaya, naye akafurahi.

Furaha hiyo haikudumu hata siku mbili. Mteja wa kwanza alisimama dukani akamtazama. “Mama, mbona umekwisha hivi? Kuna nini nyumbani?” Dada mmoja wa Dorkasi alimvuta pembeni akamwuliza kwa upole kama amepima. Mama mkwe alimpigia simu mwanawe: “Huyo mke unamlisha?” Mume akaona aibu. Juma la tano yule mama alirudia sahani yake ya zamani, na barabara ya alfajiri akaiacha. Hakushindwa na njaa, wala uvivu.

Jambo hili lisichukuliwe kijuujuu. Usukumani mwili wa mama ni ushuhuda wa nyumba yake. Kwa watu waliopita katika miaka ya ukame, pamba ikakauka shambani na maghala yakawa matupu, unene maana yake ni kwamba mume anajali na chakula kipo. Ukimwi nao ukaongeza uzito wa neno “kukonda.” Tangu wagonjwa wa kwanza nchini walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, kila aliyepungua mwili alianza kunong'onwa. Kwa hiyo anayehubiri Migato kwamba watu wapungue ili wapendeze anapoteza muda wake. Kijana wa mjini anaweza kusukumwa na picha za kwenye simu; hapa kioo cha jirani kinavuta upande mwingine kabisa.

Hata hivyo hatari yenyewe ipo. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba kati ya wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 28 walikuwa na uzito uliozidi. Presha na kisukari havimwulizi mtu kama majirani wanamsifu.

Wakorintho nao waliishi katika mji ambao kila mtu alikuwa na maoni juu ya mwili. Paulo hakuwapa maoni mengine ya kushindana na yale. Aliwaambia kwamba mwili umenunuliwa, tena kwa thamani kubwa, na Roho Mtakatifu anakaa ndani yake. Kama ni hivyo, mteja wa dukani hana kauli ya mwisho. Mama mkwe pia hana. Wala mwenye mwili mwenyewe hana, awe anajidharau kwa unene au anajivunia wembamba.

JUMANNE: Chini ya Mretemu

Soma 1 Wafalme 19:1–8. Mungu alimtendea Eliya nini kabla ya kumwambia neno lolote la kumsahihisha?

Eliya alikuwa ametoka kwenye ushindi wa Karmeli, na siku chache baadaye alitaka kufa. Mungu hakumtumia hotuba. Alimpa usingizi, mkate na maji. Kisha usingizi tena, na chakula mara ya pili. Sababu aliyopewa ilikuwa fupi: safari iliyokuwa mbele ilimzidi nguvu.

Wako washiriki ambao wameanza mara nne na kuacha mara nne. Kwao semina ya afya imegeuka mahali pa kushitakiwa. Wengine huwaona wanene kanisani kuwa wenye dhambi ya ulafi, na hukumu hiyo hutolewa kwa mzaha, mbele za watu, na walioketi karibu wakacheka. Ni ukatili. Mtu huweza kunenepa kwa sababu nyingi: uzazi, dawa, kazi ya kukaa, huzuni, kulala kidogo. Aliyeaibishwa mara nyingi huenda nyumbani akala zaidi. Malaika hakumwaibisha Eliya, ila alimwandaa kwa safari.

JUMATANO: Hamu Nayo Huombwa

Soma Warumi 7:15–25 na Wafilipi 2:12, 13. Katika Wafilipi, Mungu anatenda mambo mangapi ndani ya mwamini?

Wengi husoma Wafilipi 2:13 kana kwamba linataja jambo moja. Wanaamini Mungu huwapa nguvu za kutenda, lakini wanadhani kutaka ni mchango wao wenyewe. Hivyo wanasubiri. Siku hamu ikija, wataanza. Paulo anasema kutaka nako ni kazi ya Mungu. Maana yake, asiyetaka anaweza kuomba ili atake. Ombi hilo linaonekana dogo, hata la kitoto, lakini kwa aliyechoka mara nyingi ndilo ombi pekee la kweli analoweza kulisema.

Yule mama wa dukani alifikia hapo. Hakuomba kilo. Aliomba ataka tena, na apewe sababu inayoweza kusimama mbele ya mama mkwe. Sababu hiyo ilikuwa mbele yake siku nyingi. Wagonjwa na wazee wa kanisa lake wanakaa vitongoji vya mbali, na kila mara Dorkasi walipokwenda kuwatembelea yeye alichangia sukari na sabuni kisha akabaki, kwa sababu magoti hayakumruhusu na bodaboda ni gharama. Akaamua kwenda kwa miguu. Mwanzo aliishia nusu ya njia, akapumzika kwa jamaa mmoja, wenzake wakampitia wakati wa kurudi.

Safari hii hakuanza kimyakimya. Alikaa na mumewe, akamwonyesha karatasi ya zahanati, na wote wawili wakaenda kwa mama mkwe kabla gauni halijapwaya. “Mama, nitapungua. Siumwi ugonjwa mpya, na mwanao hajaninyima chakula. Ninataka nifike kwa wagonjwa.” Bibi alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza kama naye anaweza kupimwa presha.

Mwaka ulipokaribia kwisha alikuwa amepungua kilo tano. Bado anameza vidonge vya presha. Wako waliompenda zaidi alivyokuwa zamani, na wanamwambia.

ALHAMISI: Siku Kumi

Danieli hakuomba miaka mitatu. Aliomba siku kumi, na hakuwa peke yake, walikuwa wanne.

Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia watu waliokuwa karibu kupata kisukari. Waliolenga kupunguza asilimia 7 tu ya uzito wao, na kutembea kwa bidii dakika 150 kwa juma, walipunguza hatari ya kukipata kwa asilimia 58 katika muda wa takriban miaka mitatu. Kwa mtu wa kilo 85, asilimia 7 ni kama kilo sita. Dakika 150 ni nusu saa, siku tano. Mkulima anayelima kwa jembe la mkono msimu wa mvua ameshazidisha hapo. Wanaopaswa kujiangalia zaidi ni mwenye duka, mwalimu, dereva, mchungaji na mtumishi wa ofisini, na hata mkulima huyo ikifika miezi ya kiangazi.

Chakula cha Danieli kiko Simiyu. Mtama upo, choroko na dengu zipo, kunde, karanga, mlenda, michembe. Cha kusikitisha ni kwamba choroko na dengu huuzwa karibu zote, na fedha zake hurudi nyumbani zikiwa sukari, soda na mafuta ya kukaangia. Hakuna anayelaumiwa kwa kuuza mazao. Ada ya shule hailipwi kwa choroko. Lakini debe moja likibaki nyumbani, na unga ukawa dona badala ya sembe, meza imeshabadilika bila kuongeza gharama.

Tahadhari: anayetumia dawa za kisukari au presha azungumze na mganga kabla ya kubadili sana mlo au kufunga. Na anayepungua bila kukusudia aende zahanati mapema.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Mwaka 2002 Chuo Kikuu cha Loma Linda, cha kanisa, kilianza kuwafuatilia Waadventista wapatao 96,000 wa Marekani na Kanada. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba wasiokula kabisa vyakula vya wanyama walikuwa na uwiano wa uzito kwa urefu wa wastani wa 23.6, na wanaokula nyama 28.8. Uzito huhesabiwa kuwa umezidi kuanzia 25. Watu wote hawa ni wa kanisa moja, na wengi wao husikia mahubiri yaleyale kila Sabato.

Maswali ya kujadili:

1. Dada wa Dorkasi aliyemwuliza yule mama kama amepima alikuwa na nia njema. Angeweza kusema nini kingine?

2. Mtu akikuuliza, “Unapungua ili iweje?” utamjibu nini kwa sentensi moja, ambayo mama mkwe au mjomba wako ataielewa?

3. Nani katika darasa hili anakaa mbali na hajatembelewa mwezi huu? Ni mwendo wa dakika ngapi kwa miguu, na nani wataondoka pamoja, siku gani?

4. Chakula cha pamoja cha Sabato ijayo kinapikwa na nani, na nani atazungumza naye kabla ya Ijumaa jioni?