Dola Huanguka kwa Nini?

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu: watu wakikaa barazani baada ya sala ya isha na kutaja habari za mataifa, hukata shauri upesi kuwa dola za Ulaya hazianguki, kwa kuwa zina mizinga, hazina na elimu, na kuwa kuvunjika kwa nchi ni balaa la wanyonge. Neno hili si kweli, na mwenye kulisadiki hutazama ukuta asitazame msingi.

Na atazame kwanza Karagwe, ufalme wa kale ulioko magharibi ya Ziwa Viktoria, ambao nchi yake leo ni wilaya za Karagwe na Kyerwa. Mji wa mfalme ulikuwa Bweranyange, na huko Kafuro walikaa wafanyabiashara wa pwani waliopanda kwa njia ya Tabora kutafuta pembe za ndovu. Speke na Grant walipofika mwaka 1861 walimkuta mfalme Rumanyika, mtu mpole mwenye kukirimu wageni. Na Stanley mwaka 1876 alimkuta vivyo hivyo. Aliyeiona nchi ile siku zile asingedhani kuwa imekwisha kuingia ufa.

Na ufa wenyewe ni huu. Ndagara, baba yake Rumanyika, alipokufa, wanawe waligombea kiti. Kwa ada yao, kama alivyosimuliwa Speke, iliwekwa chini ngoma ndogo, na mwana aliyeweza kuinyanyua ndiye mfalme. Rumanyika akainyanyua. Lakini ndugu yake Rogero hakuikubali hukumu ile, ikawa vita, na Rumanyika akaponea kwa msaada wa Musa Mzuri, tajiri Mhindi wa Tabora. Basi ngoma haikuwa na uzito ila ule iliopewa na watu kwa kuikubali. Siku ilipokataliwa na mmoja, na mwingine akathibitishwa kwa nguvu ya mgeni, kila mwenye tamaa alijifunza kuwa kiti hakipatikani kwa ada, bali kwa wasaidizi wa kununuliwa.

Rumanyika alipokufa, somo lile likazaa. Ndugu wakageukiana, Kakoko akautwaa ufalme kwa mabavu na kuwaua ndugu zake wengi. Kisha ikaja sotoka ikafyeka ng'ombe, na Wajerumani wakajenga boma Bukoba mwaka 1890.

Huenda mtu akasema: basi Karagwe iliangushwa na sotoka na Wajerumani. Jawabu ni kuwa damu ya ndugu ilimwagika kabla ya hayo mawili. Sotoka huua ng'ombe, haiui ahadi. Na mgeni huingia kwa wepesi penye mlango uliovunjwa na wenyeji.

Na Ulaya ni vivyo hivyo. Katika Albania yalizuka makampuni ya upatu yaliyoahidi faida kubwa mno, nayo yaliwalipa wa kwanza kwa fedha za waliokuja nyuma. Watu waliuza nyumba na mifugo ili waingie, na serikali ikanyamaza. Mwaka 1997 makampuni yakaanguka. Watu wakavunja ghala za silaha, askari wakaacha kambi, bunduki kwa malaki zikatwaliwa, na watu kama 2,000 wakafa, hata likaingia jeshi la mataifa likiongozwa na Italia. Wala hapakuwa na adui aliyevuka mpaka. Kilichokufa ni kuaminiana.

Je, dhambi ni ya wakubwa peke yao? La. Mkubwa amekula amana, na mzigo wake ni mzito zaidi. Lakini raia aliyetaka faida bila kuuliza yatoka wapi ana sehemu yake, na aliyenyamaza akijua ana sehemu yake. Na mfanyabiashara aliyewakuta ndugu wanagombana, akauza msaada wake pahala pa kuwasuluhisha, naye asijione mtakatifu kwa kuwa nchi haikuwa yake. Hili wawe nalo watu wa pwani, maana babu zao walikuwako Kafuro.

Basi asiyeshika serikali asidhani kuwa jambo hili halimhusu. Msimamizi wa wakfu asiyetoa hesabu, mlezi alaye mali ya yatima, shahidi anunuliwaye kwa kadhi: kila mmoja huipunguzia ngoma uzito wake. Na siku itakapokuwa nyepesi, kila mtu ataweza kuinyanyua, wala hapatakuwa na mfalme.

Na Mungu ndiye ajuaye zaidi.