Fahali Wawili

Mwaka 1997 kampuni ndogo ya muziki ya Kill Rock Stars, iliyokuwa Olympia katika jimbo la Washington, ilitoa albamu ya mwimbaji wa Portland aliyejulikana kwa jina la Elliott Smith. Albamu iliitwa Either/Or, jina la kitabu cha mwanafalsafa wa Denmark, Søren Kierkegaard, kilichochapishwa Copenhagen mwaka 1843. Smith hakuliokota jina hilo ili aonekane msomi. Alihitimu falsafa na sayansi ya siasa katika chuo cha Hampshire, Massachusetts, mwaka 1991, na maswali ya kitabu kile aliyafahamu. Mkononi mwake, juu karibu na bega, alikuwa na tatuu ya fahali. Kitabu cha Kierkegaard nacho, katika aya yake ya kwanza ya mafumbo, kina fahali. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Hawa walikaa ndani ya mtu mmoja, na kwa maoni yangu ugomvi wao ndio unaoeleza vizuri zaidi tulichomfanyia mtu huyo, sisi tunaompenda.

Fahali wa kitabu ni wa shaba. Inasimuliwa kwamba Phalaris, mtawala katili wa Akragas katika kisiwa cha Sicily, alitengenezewa na fundi Perillos sanamu ya fahali iliyo wazi tumboni. Mtu alifungiwa humo, moto ukawashwa chini, na puani mwa fahali fundi alikuwa ameweka filimbi ili kilio cha anayeungua kimfikie mtawala kikiwa kimegeuka muziki. Kierkegaard anamwona mshairi kuwa mfungwa wa aina hiyo: ndani anateketea, nje watu wanasikia utamu, na kila wanapomwomba wimbo mwingine wanakuwa wanamwombea moto mwingine.

Fahali wa mkononi ni wa kitabu cha watoto. Ferdinand, aliyetungwa na Munro Leaf na kuchorwa na Robert Lawson mwaka 1936, ni fahali wa Hispania asiyetaka kupigana. Wenzake wanagongana pembe. Yeye anakaa kivulini chini ya mti akinusa maua. Siku moja anamkalia nyuki, anadungwa, anarukaruka na kukoroma kwa uchungu, na wanunuzi waliokuja kutafuta mafahali wa mchezo wanaamini wamempata mkali kuliko wote. Wanampeleka uwanjani Madrid. Anafika katikati, anaketi, ananusa maua yaliyo vichwani mwa wanawake waliokuja kutazama, na hakuna awezaye kumchokoza. Mwishowe wanamrudisha kwao.

Kosa la wanunuzi wale si dogo. Walimwona akiumia kwa dakika chache, wakasema hiyo ndiyo tabia yake.

Smith alizaliwa Omaha, Nebraska, tarehe 6 Agosti 1969, akaitwa Steven Paul Smith. Jina la Elliott alijichagulia mwenyewe baadaye. Alikulia Texas, katika utoto aliokuja kuuzungumzia kwa uzito, na akiwa na miaka 14 akahamia Portland kwa baba yake. Mkono wake wa pili ulikuwa na tatuu ya ramani ya Texas, na alieleza kwamba hakuichora kwa mapenzi, bali asije akapasahau. Portland ilikuwa na bendi nyingi za gita za kelele, na yake, Heatmiser, ilikuwa mojawapo. Pembeni akawa anarekodi peke yake, kwa sauti ya chini kabisa, nyumbani, kwa mashine ya kaseti ya njia nne. Kutoka hapo ikapatikana albamu yake ya kwanza, Roman Candle, mwaka 1994.

Kisha Gus Van Sant, mwongozaji wa filamu aliyeishi mji huohuo, akatia nyimbo zake katika Good Will Hunting, na mmojawapo, "Miss Misery", ukateuliwa kwa tuzo ya Oscar. Tarehe 23 Machi 1998 Smith alisimama ndani ya Shrine Auditorium, Los Angeles, amevaa suti nyeupe, ameshika gita, okestra ikiwa nyuma yake, akaimba wimbo uliofupishwa ili utoshe ratiba ya televisheni. Tuzo ilikwenda kwa wimbo wa filamu ya Titanic, ulioimbwa na Celine Dion. Wapenzi wengi wa muziki wa kujitegemea walitamani amkejeli Dion. Yeye alisimulia jinsi mama yule alivyomtuliza kabla ya kupanda jukwaani, na hakukubali asemwe vibaya mbele yake. Naipenda sana habari hiyo. Aliingizwa uwanjani, na hakupigana.

Baada ya usiku ule mamilioni walimjua, na walimjua kwa jambo moja: huzuni. Magazeti yalimwandika kama mtu aliyezaliwa kulia. Alichoshwa na sifa hiyo na alisema hivyo, lakini kukanusha kwake kulihesabiwa kuwa dalili nyingine ya ugonjwa. Ni kweli alikunywa kupita kiasi, na ni kweli heroini ilimshika. Ninachopinga ni hatua inayofuata, ile ya kusema kwamba uchungu ndio uliozitunga nyimbo, na kwamba ukubwa wa uchungu ndio kipimo cha ukweli wake. Msikilizaji akishafika hapo ameketi kwenye kiti cha Phalaris, hata kama machozi yanamtoka.

Mfano wa Kierkegaard, pamoja na ukali wake, una pengo. Ndani ya fahali wa shaba, anayeungua hafanyi kazi yoyote. Filimbi zilitengenezwa na mwingine. Mfungwa analia tu, na chombo kinabadilisha. Lakini mtunzi wa nyimbo ni mfungwa na ni Perillos kwa wakati mmoja: lazima atoke tumboni, azunguke mbele, apime filimbi, achonge, asikilize, atupe, aanze tena. Saa za kazi hiyo si saa za kuungua.

Ushahidi upo ndani ya kanda zenyewe. Ile sauti tunayoisikia kama mnong'ono wa mtu mmoja aliyejifungia chumbani mara nyingi ni sauti mbili. Smith aliimba mstari, kisha akauimba upya juu ya ule wa kwanza, pumzi kwa pumzi, herufi kwa herufi, mpaka zikashikana. Hebu fikiri: ili asikike mpweke ilimbidi aimbe mara mbili sawasawa. Kilio hakina marudio ya namna hiyo. Alipenda mapigo ya tatu tatu, na alijua kuupeleka wimbo kwenye sauti usiyoitarajia pale neno zito linapotamkwa, ili muziki uchangamke wakati maneno yanazama. Hayo aliyajifunza kwa Beatles, aliowasikiliza kwa bidii tangu utotoni. Katika XO ya mwaka 1998 gita, piano na ngoma nyingi alizipiga mwenyewe. Anayeisikiliza albamu ile na kusikia huzuni peke yake amesikia nusu.

Upande wa pili wa ushahidi unauma. Kama mateso ndiyo mama wa nyimbo, basi miaka ya 2001 na 2002, dawa zilipomlemea kuliko wakati mwingine wowote, ingekuwa miaka ya mavuno. Haikuwa. Katika onyesho la Chicago mwezi Mei 2002 alianza nyimbo nyingi akashindwa kuzifikisha mwisho. Maneno na vidole vilimtoroka mbele ya watu. Albamu aliyokuwa akiihangaikia haikukamilika mikononi mwake. Moto ulipokuwa mkali kabisa, filimbi zilinyamaza.

Najua jibu litakalotolewa. Je, asingepitia aliyoyapitia, angetunga alivyotunga? Pengine asingetunga hizi, angetunga nyingine. Maumivu yalimpa kitu cha kuimba, kama yanavyowapa watu wengi mno ambao hawajaimba kamwe. Wapo walioteseka kuliko yeye bila kuacha hata mstari mmoja, na ukimya wao hauna upungufu wowote wa ukweli. Tukisema uchungu unazaa sanaa, tunawaambia hao kwamba waliteseka vibaya, na tunamwambia msanii kijana asiogope sindano. La kwanza ni dharau. La pili limeshaua watu.

Lipo pia suala la "mimi" wa ndani ya wimbo. Kierkegaard mwenyewe hakutia jina lake kwenye kitabu kile. Alikitoa kwa jina la Victor Eremita, mtu wa kubuni anayedai ameokota karatasi za watu wengine wawili. Maneno kuhusu mshairi na fahali yanasemwa na mmoja wao, na mwenzake, hakimu, anakuja baadaye kumpinga. Msomaji anazuiwa tangu mlangoni asimkamate mwandishi kwa kila sentensi.

Katika taarab jambo hili linajulikana bila kufundishwa. Mara nyingi aliyetunga shairi si anayeliimba. Mwanamke aliyeketi ukumbini anasikia ubeti uliomgusa, anainuka na noti yake, anakwenda kwa madaha hadi jukwaani kumtunza mwimbaji pale pale kwenye neno analolitaka, na waliokusudiwa wanaelewa. Hakuna anayemuuliza bibi aliyeshika kipaza sauti kama naye ameachwa na mume. "Mimi" wa wimbo amekwisha hama, amehamia kwa aliyesimama na noti. Heshima kwa mwimbaji ni kubwa, na hailipwi kwa kumchungulia chumbani.

Naamini waliookolewa na nyimbo za Elliott Smith usiku wakiwa peke yao, nao ni wengi, waliokolewa kwa njia hii hii. Walikuta nafasi iliyoachwa wazi kwa ustadi, wakakaa.

Alifariki Los Angeles tarehe 21 Oktoba 2003, akiwa na miaka 34, kwa majeraha ya kisu kifuani. Kabla ya hapo alikuwa amepata matibabu ya uraibu. Uchunguzi wa mwili wake haukukuta pombe wala dawa haramu. Ofisi ya uchunguzi wa vifo iliandika kwamba haikuweza kuamua kama alijiua au aliuawa. Waliosomea kazi hiyo, wakiwa na mwili mbele yao, walikubali kuishia hapo. Mashabiki hawakukubali. Walirudi kwenye albamu za 1995 na 1997 kusaka jibu la mwaka 2003, wakauchukua kila mstari kuwa shahidi. Huko ni kuugeuza mkusanyiko wa kazi ya mtu kuwa jalada la polisi, na ni kumnyima hata haki ya kuwa alibuni kitu.

Mimi nachagua kusikiliza upande wa fundi, na nyenzo zipo. Mwaka 2007 Kill Rock Stars walitoa New Moon, nyimbo 24 alizorekodi kati ya 1994 na 1997, nyingi zikiwa hazikuingia katika albamu zake. Sehemu ya mapato ilikwenda kwa Outside In, shirika la Portland linalohudumia vijana wasio na makazi. Baadhi ya nyimbo hizo ni nzuri kuliko zile bora za watu wengine, na bado aliziweka kando, kwa sababu alijua albamu ilihitaji nini. Humo imo "Miss Misery" ya awali, yenye maneno tofauti na yale yaliyoimbwa kwa suti nyeupe mbele ya dunia nzima. Wimbo ule uliopokewa kama ungamo la mtu anayezama ulikuwa umekwisha andikwa, ukafutwa, ukaandikwa upya. Asikilizaye matoleo hayo mawili kwa kufuatana atasikia mahali hasa alipobadili nia.