Hitilafu 189 Kabla ya Kuruka

Jumanne ya tarehe 20 Februari 1962, Unguja ilikuwa katikati ya Ramadhani. Kikwajuni, kama mitaa yote ya Ng'ambo, ilikuwa saa ya uji kuiva na watu kusikilizia adhana. Jua lilikuwa limebakisha kama nusu saa kuzama, pale Mmarekani aitwaye John Glenn alipopita juu ya kisiwa hiki ndani ya chombo kidogo kilichoitwa Friendship 7, kwa mwendo wa karibu kilomita 28,000 kwa saa. Watu waliokuwa wakizungumza naye dakika zile walikuwa Tunguu.

Tunguu hii hii unayoijua, ambako leo daladala zinashusha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Kwa ajili ya mradi wao wa Mercury, wa kurusha watu angani, Wamarekani walipanga vituo kuizunguka dunia ili sauti ya mtu wao isiwapotee kwa muda mrefu: Bermuda, visiwa vya Canary, Kano kule Nigeria, kisha Unguja, kisha meli katika Bahari ya Hindi, kisha Australia. Alipoingia katika masafa yetu, Glenn alivuta kamba ya mpira mara moja kila sekunde kwa nusu dakika, madaktari wapate kuona moyo unafanyaje kazi mahali ambapo mwili hauna uzito. Mapigo yalipanda kutoka 80 hadi 124 kwa dakika, na baada ya muda mfupi yakarudi 84. Moyo mzima. Akaendelea mashariki, akaingia usiku.

Safari hiyo ilikuwa imeahirishwa mara kumi.

Ilitarajiwa Desemba 1961, ikasogezwa Januari. Tarehe 27 Januari Glenn alivalishwa, akaingizwa ndani ya chombo, akalala chali zaidi ya saa tano. Zilipobaki dakika 29 roketi iwashwe, mawingu yakaziba anga, akaambiwa ashuke. Kamera za ardhini zilipaswa kuiona roketi inavyopanda, ili ikiharibika ijulikane imeharibika wapi, na palipo na wingu zito kamera haioni kitu. Siku tatu baadaye mafundi wakagundua mafuta yamevuja ndani ya roketi na kulowesha kinga ya joto iliyokuwa baina ya matangi mawili. Wiki mbili zikaenda. Katikati ya Februari hali ya hewa ikachafuka tena. Na kila ilipotangazwa tarehe mpya, vituo vyote hivyo, na cha Tunguu kimo, vilijiweka tayari; kila ilipofutwa, vikangoja upya.

Sasa weka akilini maneno ya watu. Yuri Gagarin wa Umoja wa Kisovieti alikuwa ameshaizunguka dunia tangu tarehe 12 Aprili 1961. Mwenzake, German Titov, alikuwa ameizunguka mara 17 mwezi Agosti mwaka huo huo. Marekani nzima ilikuwa ikitazama, mamia ya waandishi wamepiga kambi Florida, na mwandishi akikosa habari ya safari huandika habari ya kuchelewa. Waliokata tamaa walikuwepo, na waliosema nchi inajiaibisha mbele ya mahasimu wake walikuwepo pia. Roketi yenyewe, Atlas, ilikuwa na sifa mbaya. Julai 1960 moja iliyobeba chombo cha majaribio cha Mercury iliharibika angani kama dakika moja tu baada ya kuruka. Kwa hiyo aliyesema "rusheni tu, tumechoka" alikuwa anaomba jambo asilolijua.

Hapa kwetu nako yalisemwa, ya namna nyingine. Mwaka 1960 Waingereza waliokuwa wakitutawala walitia saini makubaliano ya kujenga kituo, na wafuasi wa chama cha Hizbu wakaingia barabarani kukipinga, wakihofia kambi ya roketi. Tunguu haikurushwa roketi hata moja. Kazi yake ilikuwa antena na redio. Lakini siwalaumu walioandamana. Mtu akiwekewa jambo kubwa namna ile uwanjani kwake bila kuulizwa, ana haki ya kupaza sauti. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali mpya iliwataka Wamarekani wakiondoe kituo, na kazi yake ikahamia Madagascar.

Turudi kwa yule aliyekuwa akingoja. Baina ya tarehe 13 Desemba 1961 na tarehe 17 Februari 1962, huku magazeti yakihesabu tarehe zilizofutwa, Glenn aliingia katika chombo cha mazoezi akarusha safari 70 za majaribio, kwa jumla ya karibu saa 60. Ndani ya safari hizo walimu wake walimtegea hitilafu 189. Mtambo huu umekufa, utafanyaje? Taa hii inasema uongo, utajuaje? Hitilafu 189, moja baada ya nyingine, na kila moja alitakiwa aikabili kwa mikono yake mwenyewe.

Nakuomba uisome tena tarakimu hiyo, wewe kijana wa Kikwajuni ambaye jambo lako halijatoka. Wewe uliyemaliza chuo ukaambiwa nafasi zitatangazwa mwezi ujao, na mwezi ujao ukawa mwaka. Wewe uliyeshindwa hesabu kidato cha nne na sasa unarudia. Dada uliyesema utafungua duka kabla ya Idi, Idi ikapita na mlango bado umefungwa. Fundi uliyeahidi boti itashuka majini msimu huu na bado iko juu ya magogo. Najua unavyopita mbele ya baraza. Najua lile swali linavyokujia kabla hata hujajibu salamu: "Vipi, bado tu?"

Bado, ndiyo. Jibu hivyo, kwa sauti kamili, kisha uendelee na safari yako. Lakini uwe na haki ya kulijibu hivyo, na haki hiyo hupatikana kwa kazi. Angalia kuchelewa kwa Friendship 7: kila mara palikuwa na sababu yenye jina. Wingu. Mafuta yaliyovuja. Bahari chafu mahali ambapo chombo kingeshukia. Hakuna siku waliyosema "mambo tu yamekuwa magumu" wakalala. Ukiulizwa umekwama wapi nawe ukaweza kutaja kitu kimoja kinachoshikika, leseni, mtaji wa shilingi kadhaa, mlango wa tatu wa hesabu usioufahamu, basi safari yako iko hai. Ukishindwa kukitaja, kaa leo hii ukitafute, maana hapo ndipo siku zinapoibiwa.

Na kilichofuata huko juu kinaonyesha zile saa 60 zilikuwa za nini. Mwisho wa mzunguko wa kwanza kimojawapo cha vijiroketi vya kuelekeza chombo kikaanza kufanya vibaya, na Glenn akalazimika kukiongoza kwa mkono. Halafu vipimo vya ardhini vikaonyesha ngao ya joto imelegea, ngao ambayo ikitoka mtu anaungua akiwa njiani kurudi. Baadaye ilibainika kipimo ndicho kilichodanganya, lakini saa ile hakuna aliyejua. Aliambiwa asiutupe mtambo wa kupunguzia mwendo uliofungwa juu ya ngao, huenda ukaizuia. Akashuka hivyo, vipande vya mtambo vikiwaka moto nje ya dirisha lake. Safari nzima ilichukua saa 4 na dakika 55, akatua Atlantiki akiwa mzima. Mtu aliyekutana na mambo hayo alikuwa ameshazoea mitambo kumkatalia. Lau wangemrusha Desemba ili kuwanyamazisha waandishi, angepanda na mazoezi machache kuliko hayo.

Upande wa pili wa jambo hili unauma, lakini siwezi kuupita. Januari 1986 chombo cha Challenger nacho kiliahirishwa, tena na tena. Tarehe 27 kilizuiliwa na mpini wa mlango uliogoma, kisha na upepo. Wapo waliofanya mzaha juu ya kuchelewa huko hadharani. Usiku huo wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol, Roger Boisjoly akiwa miongoni mwao, walipinga kurusha kesho yake kwa sababu ya baridi. Walijua mipira inayoziba maungio ya roketi hukakamaa baridi ikizidi. Wakubwa wakawapita. Asubuhi ya tarehe 28 Challenger kikaruka, na baada ya sekunde 73 kikasambaratika. Watu saba walikufa, mmoja wao mwalimu wa skuli, Christa McAuliffe, wanafunzi wakitazama.

Nasi tunayo yetu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, imebeba watu kupita kiasi. Wapo waliofika bandarini wakaiona ilivyojaa, wakakataa kupanda. Tarehe 18 Julai 2012, siku ya upepo mkali, MV Skagit iliondoka Dar es Salaam ikazama karibu na Chumbe. Hakuna familia ya Unguja na Pemba isiyomjua mtu aliyefiwa. Nawakumbuka wale waliogeuka na mizigo yao kurudi nyumbani usiku ule wa Septemba. Yamkini palikuwa na aliyewaona waoga. Walikuwa wameahirisha safari, wakafika siku nyingine.

Kwa hiyo nasema na sisi wa barazani, kwa heshima yote, wazee wangu na wenzangu. Baraza zetu ni nzuri. Kikwajuni imelea watu juu ya baraza, kuanzia nyumba za zamani hadi majumba yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi. Hapo watoto wetu hujifunza adabu, siasa na mpira. Lakini midomo yetu ina nguvu ya kumrusha mtu kabla hajawa tayari. Binti anafungua biashara kwa mkopo wa riba ya kutisha kwa sababu amechoka kuulizwa. Kijana anapanda ndege kwenda Ghuba na mkataba ambao hakuusoma, kwa sababu alishawaaga watu na anaona haya kuonekana mtaani. Hayo si ya kufikirika, tunawajua. Waliosukumwa na haraka yetu hurudi peke yao kulipa deni.

Tumesahau kwamba biashara ya bahari hii ilijengwa na watu waliojua kungoja. Nahodha aliyekuja na kaskazi kutoka Arabuni alikaa Unguja mpaka kusi ianze kuvuma, na hakuna aliyemuuliza mbona hujaondoka. Wakati huo akitia kalafati, akishona matanga, akitafuta shehena. Upepo ulipogeuka, chombo kilikuwa tayari.

Majirani zetu wa Kenya walipata somo hilo juzi tu. Aprili 2023 satelaiti yao, Taifa-1, ilikuwa ipelekwe angani kutoka California, na wiki ile ikaahirishwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya hali ya hewa. Maneno hayakukosekana. Tarehe 15 Aprili ikaruka. Leo ukimuuliza Mkenya kuhusu Taifa-1 hatakutajia zile siku zilizofutwa. Na Glenn huyo huyo, aliyetaka kurudi angani kwa miaka mingi, alirudi tarehe 29 Oktoba 1998 akiwa na umri wa miaka 77. Siku hiyo pia kuhesabu kulisimamishwa kwa muda, safari hii kwa dakika chache.

Basi inuka. Kesho asubuhi kabla hujashika simu, chukua karatasi uandike kila kitu kinachoweza kuharibika katika jambo lako: mteja asiyelipa, mashine inayoharibika katikati ya kazi, swali la usaili usilolipenda, mtihani wa vitendo, umeme kukatika siku ya oda kubwa. Usiogope orodha ikiwa ndefu. Chagua kimoja ukifanyie kazi mpaka ujue mikono yako itakwenda wapi kitakapotokea, kisha kesho kutwa chukua cha pili. Anayerudia hesabu na atoe maswali ya miaka iliyopita, akosee leo akiwa nyumbani. Anayengoja usaili amwombe rafiki amhoji kwa ukali. Mwenye duka auze kwanza kibarazani kwa wiki chache, ajue bidhaa gani inarudi na kwa nini. Fundi apime maji kabla ya kukubali sherehe ya kushusha boti.

Na sisi tulioketi tuna kazi pia. Akipita tumuulize: "Umebakisha nini?" Akitaja, tuone kama kipo mikononi mwetu. Mwalimu mstaafu anaweza kutoa saa moja baada ya alasiri. Mwenye meza isiyotumika aitoe. Anayemfahamu mtu katika ofisi ya leseni aeleze utaratibu wote, ili mtoto wa jirani asizungushwe. Mama mwenye kompyuta nyumbani afungue mlango jioni moja kwa wiki, na sisi wengine tuchangie umeme.