Usafi Usio na Kumbukumbu

Anayehamia Sydney kutoka Mombasa au Bujumbura huambiwa aanze upya, kana kwamba kufuta yaliyopita ni kinga ya yajayo. Historia ya kompyuta inautilia shaka ushauri huo.

Mfumo endeshi wa Windows XP ulitoka Oktoba 2001. Aliyeusimika upya miaka miwili baadaye, kwa diski ileile ya kwanza, alipata mashine safi na, kwa sababu hiyohiyo, dhaifu. Tarehe 16 Julai 2003 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba ufa mmoja wa mfumo huo; tarehe 11 Agosti programu hasidi iitwayo Blaster ikaanza kuupenya ufa uleule. Mashine isiyo na kiraka iliweza kuambukizwa dakika chache baada ya kuunganishwa na intaneti, kabla haijamaliza kupakua dawa yake. Fundi mwenye hadhari alitia kwanza masasisho kutoka kwenye diski, ndipo akachomeka waya. Agosti 2004 viraka vilikusanywa katika kifurushi cha pili, kilichowasha kinga ya mfumo bila kungoja mwenye mashine aombe.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini methali hii humsemesha mwenye nyumba anayeuona ufa. Mgeni huona ukuta uliopakwa chokaa jana. Ufa umeonwa na wengine, pengine kwa hasara yao, na kila kiraka ni ushahidi waliouacha.

Je, anayempa mgeni mwanzo safi amemtendea wema? Nadhani ni nusu ya wema. Funguo za nyumba hazitoshi. Aambiwe pia kwamba katika jimbo la New South Wales dhamana ya pango haizidi kodi ya wiki 4, na kwamba mwenye nyumba haruhusiwi kuikalia, bali sharti aiwasilishe serikalini. Asiyeambiwa hujifunza kwa fedha zake.

Atakayepinga atasema kwamba masasisho hayaleti kinga tu, huleta pia matakwa ya mtengenezaji, kama wosia wa waliotangulia unavyobeba hofu zilizopitwa na wakati. Ni kweli, na mgeni ana haki ya kuuchuja. Lakini hawezi kuchuja asichopewa. Kumnyima wosia huo kwa jina la uhuru wake ni kumwacha alipe tena hasara ambazo jamii yake imekwisha kuzilipia.